Redio ya dharura: mwambie muuzaji akufungulie mgongo kwanza

Tangu kimbunga Hidaya kitupitie huku Kilwa, Mei 2024, na mafuriko yakakata barabara ya Dar es Salaam pale Somanga, nilisema nyumba hii haikai tena bila redio ya dharura. Simu ni nzuri, lakini mnara wa simu nao unakula umeme. Jenereta yake ikiishiwa mafuta, kwisha habari.

Niliyonunua Kariakoo ni ya mkono wa kuzungusha, ina sola juu, tochi, king'ora na tundu la kuchajia simu. Shilingi 48,000 baada ya kupatana. Muuzaji akaanza na king'ora. Nikamwambia, "Kaka, nifungulie mgongo nione betri." Nyingi zina betri ya kuchaji peke yake, na hiyo ikifa, redio imekufa. Hii ina ya kuchaji, na pembeni yake nafasi ya betri tatu ndogo za kawaida, zile za duka lolote la mtaani. Nafasi hiyo ndiyo niliyoilipia.

Sola msiitegemee. Ni ndogo kuliko kiganja. Ukiianika kutwa inazuia chaji isishuke, haijazi. Na masika, wakati wa hatari wenyewe, jua liko wapi? Mkono ndio ulioniridhisha. Zungusha kwa mwendo mmoja, bila pupa, kitaa chekundu kiwake. Dakika chache tu na unaisikiliza taarifa ya habari ya TBC Taifa pamoja na tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa. Kuchaji simu kwa mkono huo ni kujichosha bure.

Kwenye swichi kuna FM, AM na WB. WB msiiongezee hata shilingi: ni masafa ya megahezi 162 ya hali ya hewa ya Marekani na Kanada, huku kwetu haikamati kitu. FM inakamata safi hadi chumba cha ndani. AM inakwaruza, na kuvuta antena hakusaidii. Geuza redio yenyewe polepole mpaka sauti itulie.

Kasoro yake ni kifuniko cha mpira cha tundu la chaji. Ni laini mno, hakishiki, maji yataingia. Kwa hiyo naihifadhi kwenye ndoo yenye mfuniko, na betri za kawaida nimezitoa nje ya redio, maana zikikaa ndani muda mrefu huvuja na kula vyuma.