Fantasia (1940): mara ya kwanza tuliitazama, mara ya pili ndipo tukaisikia

Kila Desemba wapwa zangu watatu hushuka kutoka Nachingwea kuja kumalizia likizo kwangu, Mtanda, Lindi mjini. Siku za mwanzo hawataki kitu kingine, ni bahari tu. Mvua zikianza ndipo zamu yangu inapofika: "Mjomba, tuwekee muvi." Na hawa watoto wamelelewa na muvi zilizotafsiriwa, zile ambazo jamaa anaongea juu ya kila mtu, anacheka kabla yenu na kuwaambia nani atakufa. Safari hii niliwawekea Fantasia, katuni ya Walt Disney ya mwaka 1940. Ni saa mbili na ushee za muziki wa okestra, na katuni zenyewe hazisemi kitu. Hatujamaliza hata dakika kumi, wa kati akanigeukia: "Mjomba, mbona hawaongei? Mtafsiri kaenda kula?"

Siku hiyo ilituharibikia, na kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nimefuata urahisi: kuna kijana anawekea watu muvi kwenye flash, nikampa elfu moja, nikarudi nyumbani nikiona nimelamba dume. Picha ilivumilika. Sauti ndiyo ilikuwa msiba. Imebanwa, vinanda vinalia kama redio inayokaribia kuishiwa betri, na TV yangu ni zile nyembamba ambazo spika zake zimegeukia ukutani kana kwamba zimenuna. Tulifika kwenye uyoga wanaocheza, kitindamimba akalala, mkubwa akatoa simu yake, na baada ya kipande cha Mickey na ufagio nikazima. Ningeandika maoni usiku ule ningeipa nyota mbili, na ningekuwa nimeidhulumu.

Wiki iliyofuata binamu yangu wa Dar alinitumia diski yenyewe kwenye basi. Nikaitoa deki kabatini, nikaipangusa vumbi, nikaenda kwa fundi jirani anayekodisha vyombo kwenye maharusi. Nilitaka sabufa moja tu na spika mbili. Alikuja nazo mwenyewe kwenye toroli, akaunganisha waya, akasema "hebu tusikie kwanza", akakaa. Hakuondoka mpaka saa tano usiku.

Kwa asiyeijua: filamu hii ni vipande vinane vya muziki wa klasiki, na kila kipande kimechorewa katuni yake. Kondakta (wa okestra, siyo wa basi la Masasi) ni Leopold Stokowski, na sehemu kubwa imepigwa na Philadelphia Orchestra ya Marekani. Katikati ya vipande anatokea bwana mmoja aliyevaa suti, Deems Taylor, anaeleza kwa Kiingereza nini kinafuata. Mara ya kwanza nilijitia kumfasiri, nikawa nimegeuka mtafsiri wa muvi ndani ya nyumba yangu, wa bei rahisi. Mara ya pili nilimruka kwa rimoti, nikawa nawasimulia watoto maneno machache kabla ya kila kipande. Fanya hivyo hivyo. Bwana yule ana adabu zake, lakini watoto wa Nachingwea hawamdai maelezo yote hayo.

Filamu inafungua na Bach. Hapo hakuna hadithi: mistari, mawimbi, vivuli vya wapiga fidla, rangi zinazopanda na kushuka. Watoto walichoka. Fundi ndiye aliyekodoa macho, akasema hayo ndiyo anayoyaona akifumba macho wakati wa kupima spika zake. Kipande cha pili, cha Tchaikovsky, kina vijimalaika vya umande, uyoga wanaotembea, na samaki wenye mapezi marefu kama mitandio ya harusini. Mama yangu, ambaye alikuwa amekaa mkekani akichambua mchele, aliwatazama samaki wale muda mrefu akasema, "Hao si wa kukaanga."

Sasa nije kwenye kipande ambacho kwa ajili yake tu ningenunua diski hii tena.

Mickey Mouse ni mwanafunzi wa mchawi. Amechoka kuchota maji, mwalimu wake akienda kulala anaiiba kofia yake, anauamuru ufagio uote mikono ubebe ndoo. Kisha anasinzia. Anapozinduka nyumba imejaa maji, na neno la kuusimamisha ufagio halijui. Muziki ni wa Mfaransa Paul Dukas, aliutunga mwaka 1897 akifuata shairi la Goethe la mwaka 1797. Kitindamimba, ambaye kazi yake kwangu ni kujaza pipa la uani, alisogea mpaka akawa anaigusa TV kwa pua.

Mickey anachukua shoka na kuukata ufagio vipandevipande. Kimya. Siku ya flash tuliona kimya hicho, halafu vibanzi vikaanza kutikisika sakafuni, basi. Siku ya sabufa, ndani ya kimya kile kile, ilitoka sauti moja nzito, fupi, kutoka chini kabisa. Ikanyamaza. Ikaja nyingine. Kama mtu mnene anayesafisha koo chumba cha pili. Kikombe cha mama kikagonga kwenye kisosi. Hiyo ni ala inayoitwa kontrabasuni, bomba la mbao refu lililokunjwa mara kadhaa, na spika za TV yangu haziwezi kuitoa sauti yake hata ukizipigia magoti. Kitindamimba akanidaka mkono, "Mjomba, unaamka!", na wakati huo hakuna kibanzi kilichokuwa kimesogea.

Muziki ulikuwa umemwambia kabla ya picha. Yaani mtafsiri tuliyekuwa tunamuulizia alikuwepo tangu mwanzo, kazi yake anaifanya vilevile, anawaambia mapema nini kinakuja. Ni sisi tuliokuwa hatumsikii. Nilipolisema hilo mama alinishangaa. Yeye kachezwa unyago Newala, kwake ngoma kusema na mchezaji kujibu si habari. "Kwani sindimba wanaifuata wapi? Wanasikiliza."

Na kumbe Disney mwenyewe alilijua hilo la spika. Filamu ilipozinduliwa Novemba 13, 1940, katika ukumbi wa Broadway, New York, ilikuja na mfumo wake wa sauti uliotengenezwa pamoja na kampuni ya RCA, ukaitwa Fantasound: sauti imegawanywa katika njia kadhaa na inatoka kwenye spika zilizotawanywa ukumbini. Mfumo ulikuwa ghali, ukafungwa kwenye kumbi chache tu, na Ulaya nako vita ilikuwa imeshawaka, soko la huko likafungwa. Fedha hazikurudi upesi. Fundi alipolisikia hili alitikisa kichwa kama amesikia habari za ndugu yake. Naye kuna harusi alipeleka vyombo vyote na hajalipwa mpaka leo.

Kipande cha nne ni cha Stravinsky, na hapo mtu wa Lindi lazima akae vizuri. Muziki wenyewe ulitungwa kwa ajili ya mchezo wa jukwaani juu ya matambiko ya kale ya Urusi, ulipoonyeshwa Paris mwaka 1913 watazamaji wakazua vurugu. Disney aliyaacha matambiko akachora historia ya dunia: volkano, bahari, vijidudu vya kwanza, halafu dainosari. Sisi tunasema mijusi. "Mjomba, na wetu yumo?"

Wetu ni mjusi wa Tendaguru, kilima kilicho huku huku mkoani kwetu, kama kilomita 60 kutoka Lindi mjini. Wajerumani walichimba pale kuanzia mwaka 1909 hadi 1913, ingawa waliochimba hasa ni watu wa huku, mamia kwa mamia, chini ya msimamizi Boheti bin Amrani. Mifupa ilibebwa vichwani na mabegani siku kadhaa kwa miguu mpaka bandarini Lindi, ikapakiwa melini, zaidi ya tani 200. Yule mkubwa mwenye shingo ndefu alisimamishwa kwenye makumbusho ya Berlin mwaka 1937, kimo chake zaidi ya mita 13, na yupo huko huko mpaka leo. Bungeni wameshauliza mara kadhaa. Filamu hii ilitoka miaka mitatu tu baada ya yeye kusimamishwa.

Basi tukawa tunamtafuta. Wenye shingo ndefu wamo, wamejichimbia kwenye maji wakitafuna majani, maana wataalamu wa zamani walidhani uzito ule haubebeki nchi kavu. Siku hizi hawasemi hivyo tena. Kisha mvua inanyesha, anatokea Tyrannosaurus na kupigana na Stegosaurus, yule mwenye vigae mgongoni. Mkubwa, aliyekuwa bado na simu yake, akaitumia kwa jambo la maana mara moja kwa likizo nzima: akatusomea kwamba wawili hao hawakuwahi kuonana, wamepishana kwa miaka kama milioni 80, na kwamba Tyrannosaurus ana vidole viwili kila mkono, siyo vitatu kama alivyochorwa. Pia tukagundua kwamba Stegosaurus ana ndugu yake mdogo aliyechimbwa Tendaguru, Kentrosaurus, mwenye miiba kuanzia katikati ya mgongo mpaka mkiani. Kuanzia hapo ugomvi ule ukawa na upande. Watatu wote wanamshangilia wa vigae, "shemeji yetu", na aliposhindwa kitindamimba alitaka niirudishe nyuma labda safari hii atashinda.

Mwisho wa kipande hicho mijusi inakufa kwa jua na kiu, inatembea kwenye vumbi mpaka inaanguka. Leo tunaambiwa chanzo kikubwa kilikuwa jiwe kutoka angani lililopiga Mexico miaka milioni 66 iliyopita, lakini mwaka 1940 hilo halikuwa limejulikana. Sikulichukulia kama kosa. Ule mwendo wa kiu, na ngoma zinavyopiga chini yake, ulimfanya mama aache mchele.

Beethoven ndipo nilipopachoka. Miungu ya Kigiriki, watu nusu farasi, kila kitu rangi ya keki ya bethidei, na wanajiremba kwa dakika zaidi ya ishirini. Ujue pia kwamba filamu ilipotoka, humo kulikuwa na binti mweusi nusu farasi aliyekuwa akiwang'arisha kwato wale weupe. Alikatwa kwenye nakala zilizotoka kuanzia mwaka 1969. Kwenye diski yangu hayumo, na sikuona pengo, ila nikishajua alikuwepo siwezi tena kuitazama sehemu ile kwa moyo mweupe. Umeme ulikatika hapo hapo katikati, na nisamehewe, hakuna aliyesikitika. Ulirudi baada ya swala ya isha, nikaruka moja kwa moja kwenye viboko.

Viboko wanacheza kwa vidole vya miguu, wamevaa visketi, na mamba wanawabeba. Muziki ni wa Mwitaliano Ponchielli. Hapa hakuna cha kueleza, mtu yeyote anayemjua kiboko wa Ruvuma atacheka mpaka mbavu zimuume.

Angalizo kwa wenye watoto wadogo: kipande cha Mussorgsky kinatisha kweli. Jitu jeusi lenye mabawa linafunguka juu ya mlima usiku na kuita mizimu. Kwa sabufa ndiyo usiseme. Kitindamimba alikwenda kujificha nyuma ya bibi yake, na bibi mtu badala ya kumtuliza akasema, "Lipiko hilo, limepata mabawa." (Lipiko ni yule mchezaji wa ngoma ya Wamakonde anayevaa kinyago.) Nikapunguza sauti. Kengele zinapolia na jitu kujikunja, inaingia Ave Maria ya Schubert, taa zinatembea polepole msituni, na wakubwa kwa wadogo wakalala pale pale mkekani. Sijui kama ni sifa au lawama.

Mimi naipa nyota nne. Ya tano wameila Beethoven na bwana wa suti. Usiitazame kwa mkupuo mmoja kama nilivyojaribu, gawa siku mbili, anza na ufagio, mijusi iache siku ya pili. Na kama huna spika, azima. Usiponielewa kwenye jambo lingine lolote, kwenye hili nielewe.

Sabufa ilirudi kwa mwenyewe asubuhi yake kwa toroli lile lile. Malipo hakutaka, alitaka diski "kwa siku mbili tu". Leo ni wiki ya tatu, na jioni nikipita nje ya kibanda chake nasikia ile sauti nzito, inatoka, inanyamaza, inatoka tena.