Shakespearean Tragedy cha A. C. Bradley: darasa lililohifadhiwa kitabuni

Kitabu hiki kilichotoka mwaka 1904, Bradley akiwa Profesa wa Ushairi Oxford baada ya kufundisha Liverpool na Glasgow, kimetokana na mihadhara yake, na ndiyo maana ukikisoma unahisi mwalimu amesimama mbele yako akikupitisha bila haraka katika tanzia nne za Shakespeare, yaani tamthilia zake za huzuni: Hamlet, Othello, King Lear na Macbeth. Nilichokipenda zaidi ni maelezo ya mwishoni, ambamo anauliza, kwa uzito uleule, kama Lady Macbeth, mke wa Macbeth, alizimia kweli au alijifanya tu, kisha anapima ushahidi wa pande zote. Wapo waliomlaumu kwa kuwatazama wahusika kama binadamu halisi. Kwangu mimi, hapo ndipo penye nguvu yake. Kinawafaa hasa waliokwisha kuzisoma tamthilia zenyewe.