Misimu mitatu na Piper Cub ya mwaka 1946

Mimi na mwenzangu tulinunua kwa ubia Piper J-3 Cub ya mwaka 1946, ndege ndogo ya viti viwili kutoka Marekani, na huu ni msimu wa tatu tunairusha. Karibu saa zote nilizoruka nayo zimeishia sehemu mbili: kwenye mikusanyiko ya marubani, ambako kila mtu anakuja na ndege yake na kuiegesha kwenye majani, au kwenye maonyesho makubwa ya anga yenye ratiba, uzio na watazamaji. Watu huzitia hizo mbili kapu moja. Ukiwa na Cub utajua upesi kwamba ni mambo mawili mbalimbali, na kwamba ndege hii inafaa kwa moja tu.

Kila kitu kinaanzia kwenye mwendo. Injini ni Continental A-65, silinda nne, nguvu za farasi 65. Anga ikiwa tulivu inanipeleka kama kilomita 120 kwa saa. Tangi linabeba lita 45, na injini inakunywa lita 15 hadi 17 kwa saa. Sasa chukua safari ya kilomita 240. Bila upepo ni saa mbili, unafika na akiba yako. Ukikutana na upepo wa mbele wa noti 20, yaani kilomita 37 kwa saa, unabaki na kilomita 83 kwa saa. Safari ileile inakaribia saa tatu, na tangi halina saa tatu ukitaka kubaki na akiba. Utatua njiani utake usitake. Utani wa magari kutupita barabarani nimeshauzoea, hauniumi tena. Kinachoniuma ni kupanga kutua mara moja kujaza mafuta na kujikuta nimetua mara tatu.

Na hayo mafuta unayapima kwa boya. Sitanii. Ndani ya tangi, lililo mbele ya vioo, kuna boya dogo la gamba jepesi kama kizibo cha chupa, lenye waya uliochomoza juu ya kifuniko. Tangi likijaa waya unasimama wima mbele ya macho yako. Mafuta yakipungua unazama polepole. Hakuna namba wala taa. Anga ikichafuka unapanda na kushuka kama mtu anayeitikia kwa kichwa hotuba asiyoielewa. Kwenye mkusanyiko mmoja mtoto aliniuliza kama ule waya ndio antena. Nikamwambia ndege hii haikuwekewa redio wala betri. Akanitazama, akamtazama baba yake, akaondoka.

Tuje kwenye raha yenyewe. Naondoka alfajiri, kabla jua halijaanza kuichemsha hewa. Mlango uko upande wa kulia na umegawanyika vipande viwili: cha juu kinabanwa chini ya bawa, cha chini kinaning'inia nje, unaruka ubavu mzima ukiwa wazi. Ukiwa peke yako unakaa kiti cha nyuma, kwa sababu ya uzito na mizani yake, kwa hiyo mbele yako kuna kiti kitupu, halafu vipimo vichache ambavyo havisomeki vizuri, halafu ule waya. Huna cha kubonyeza. Unasikiliza injini, unatazama moshi wa mashamba kujua upepo unatoka wapi. Nikifika kiwanja cha majani cha mita 500 sitafuti pa kutua, nachagua tu kona gani inanipendeza, maana ndege inaning'inia hewani hadi kwenye kilomita 60 hivi kwa saa kabla haijakata tamaa.

Ikishagusa chini ndipo kazi inapoanza. Gurudumu la tatu liko mkiani, na uzito uko nyuma ya magurudumu makubwa, hivyo mkia daima unatamani kuiwahi pua. Ukilegeza miguu kwenye pedali kwa sekunde mbili, ndege inageuka yenyewe kama mkokoteni uliomponyoka mwenyewe. Breki zinakanyagwa kwa visigino, na ni breki za kuombea. Pua nayo imeziba njia yote, kwa hiyo ukiwa chini unakwenda kwa kupindapinda, kushoto kidogo, kulia kidogo, ukichungulia pembeni. Aliyezoea ndege za gurudumu la puani ajipe saa za kutosha na mwalimu kabla ya kuja nayo mbele za watu.

Halafu unazima injini, na watu wanakuja. Hili sikulitarajia. Kati ya 1938 na 1947 zilitengenezwa Cub karibu 20,000, nyingi kwenye mji wa Lock Haven, Pennsylvania, na wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia vijana wengi wa Marekani walijifunza urubani kwenye ndege hizi. Kwa hiyo kila mkusanyiko una mtu wa Cub. Mzee mmoja alikuja bila kusema neno, akaweka kiganja kwenye nguzo ya bawa, akainama kuchungulia kiti cha nyuma. "Mwanangu, bado mnaweka mto mgongoni?" akaniuliza. Nikamwonyesha wetu. Akacheka peke yake, akakaa chini ya bawa mpaka mchana. Ndege ya kisasa yenye skrini tatu iliyoegeshwa pembeni yangu haikutembelewa na mtu isipokuwa mwenyewe.

Sasa maonyesho. Sijafika Oshkosh, kwenye maonyesho makubwa ya anga ya jimbo la Wisconsin, Marekani, lakini utaratibu wake unasomwa na kila rubani: mwezi wa Julai ndege ndogo hufuata reli kutoka mji wa Ripon hadi kijiji cha Fisk, moja nyuma ya nyingine, kwa noti 90, na waongozaji walio chini wanakuambia utikise mabawa wajue umewasikia. Cub hata ikipuliza roho yake yote haifiki noti 80. Maonyesho niliyokwenda mimi ni madogo kuliko hayo, ila msiba ni uleule. Anga inafungwa saa fulani asubuhi; ukichelewa, geuza. Nilikuwa na redio ya mkononi, na waya za plagi zetu ni za zamani zisizozuia kelele, kwa hiyo nusu ya maneno ya muongozaji yalifika kama maharage yanayomwagwa kwenye debe. Nililosikia vizuri ni ombi la kuongeza mwendo. Mwendo upi? Nikapelekwa pembeni kuzunguka, nyuma yangu foleni ikapita, mimi nautazama waya wangu ukizama.

Katika ule mzunguko injini ikaanza kukohoa. Kabureta ya A-65 inajulikana kwa kushika barafu hata siku ya joto yenye unyevu, nami nilikuwa nimepunguza nguvu muda mrefu. Nikavuta kishikio cha hewa moto. Ikakohoa zaidi, kama inavyopaswa barafu inapoyeyuka na maji kupita, kisha ikatulia. Anayekuja kwenye ndege hii aizoee sauti ile kwenye kiwanja chake, asiisikie mara ya kwanza juu ya vichwa vya watu elfu kadhaa.

Waliniegesha kwenye lami karibu na helikopta. Kosa langu, ningekataa. Ilipoinuka na kupita chini chini, bawa langu la kushoto likanyanyuka. Nikalidaka nguzo yake kwa mikono miwili nikiwa nimejinyonga kama nguo kwenye kamba. Ndege nzima tupu ina uzito wa kilo 350 hivi na imevikwa kitambaa juu ya mabomba ya chuma na mbavu za bawa. Upepo hauioni kama mzigo. Tangu siku ile kamba na vigingi ndivyo vinavyopakiwa kwanza, na kwa kuwa nafasi ya mizigo inaruhusiwa kilo 9 tu, hema la pili lilibaki nyumbani.

Cub haina stata, na kuiwasha wakati wa kuondoka kulinimaliza. Mwenzangu anakaa ndani, visigino kwenye breki, fimbo ya kuongozea imevutwa hadi tumboni. Nauliza, "Swichi?" Anajibu, "Zimezimwa." Nazungusha propela mara nne inyonye mafuta. "Washa!" "Zimewashwa!" Naweka viganja vimenyooka, vidole visikunje ukingo wa propela, navuta kwenda chini na mwili unarudi nyuma kwa mwendo huohuo. Asubuhi ya baridi inawaka mara ya pili. Injini ikiwa moto, na kabureta imelewa mafuta, ni bahati nasibu. Pale uzioni watu walianza kuhesabu kwa sauti. Walifika kumi na moja. Ilipowaka walipiga makofi, na sijawahi kuona aibu kiasi kile kwa kupigiwa makofi.

Mambo madogo kwa anayetaka kununua: kagua nguzo za mabawa zisiwe na kutu kwa ndani, hapo ndipo Cub nyingi zinapougulia, uliza kitambaa kilibadilishwa lini na kama ndege ilikaa bandani au juani, na usimwamini muuzaji anayekuambia inaruka yenyewe. Chuma na kitambaa, fundi mzuri anavimudu. Subira huuziwi.

Msimu ujao kwenye mikusanyiko nitakwenda na Cub, hata ya mbali, hata kwa kutua mara tatu. Kwenye maonyesho nitakwenda kwa gari, nikae upande wa pili wa uzio na kuhesabu. Mwenzangu hajakubali. Amekwisha kujaza fomu ya kuipeleka, na kwenye nafasi ya mzungusha propela ameandika jina langu.