TAHADHARI: Tairi za "spoti" zilizochongwa tarehe, wenye Subaru mnawindwa

Wakuu, kuna jamaa anauza tairi za "spoti" kupitia Instagram na WhatsApp hapa Dar. Anadai ni mpya kutoka Japani, na seti ya tairi nne anaiachia kwa nusu ya bei niliyotajiwa na duka lolote Kariakoo na Ilala. Si mpya. Ni tairi kuukuu zilizopakwa rangi, zikachongwa mifereji na kubadilishwa tarehe. Jina lake silitaji kwa kuwa jalada liko polisi, ila mbinu zake nazianika hapa, maana sidhani kama yuko peke yake.

Anayemtafuta ni mwenye Subaru kama Impreza WRX, Legacy GT au Forester XT, anayeenda nayo kazini kila siku, tairi zimebaki vipara na bei za madukani zimemshtua. Mdogo wangu ni mmoja wao. Alikuwa anasaka tairi za saizi 225/45R17 91W, akatanguliza laki mbili kwa simu "zisije zikachukuliwa na mtu mwingine", ndipo akaniomba nimsindikize kwenda kuzikagua.

Kwa macho zilipendeza. Nyeusi tii, hadi vile vinyweleo vya mpira vya tairi mpya vipo. Nikalowesha kitambaa kwa petroli kidogo, nikasugua ubavuni. Rangi ikatoka yote, chini yake mpira wa kijivu wenye nyufa ndogondogo kuzunguka bega la tairi. "Kaka, usiikwangue, hiyo ni nta ya kiwandani." Nta gani hiyo inayoficha nyufa?

Tukahamia kwenye tarehe. Ni zile tarakimu nne za mwisho kwenye mlolongo wa namba unaoanza na DOT: 2318 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2018. Kwa kawaida zinakaa ndani ya kidirisha kidogo chenye kingo, kwa sababu kiwandani kipande hicho cha kalibu hubadilishwa tarehe inapobadilika. Kwenye tairi za jamaa kidirisha kilikuwa kimesagwa, mpira pale umelainika na unang'aa, na tarakimu 1124 zimechomwa kwa chuma cha moto, ile 4 imepanda juu ya wenzake. Zote nne zilisoma 1124, wakati mbili ni za kampuni moja na mbili za kampuni nyingine kabisa! Hata kudanganya kwenyewe kumemshinda.

Jihadharini pia na anayewaletea tairi zikiwa tayari zimefungwa kwenye rimu. Tairi nyingi zina namba kamili upande mmoja tu, kwa hiyo tarehe inaweza kuwa imegeuziwa ndani. Halafu hutaona kama ndani kuna kiraka.

Mifereji nayo tazameni chini kabisa. Kuna vinundu vya mpira vyenye kimo cha milimita 1.6, na tairi ikilika mpaka ikalingana navyo, hiyo imekwisha. Anayechonga mifereji upya kwa kisu cha moto huvikata na hivyo vinundu. Kwenye zile nne hatukukiona hata kimoja, na kwenye mfereji mmoja nyuzi za ndani zilikuwa zinachungulia. Tairi ya lori iliyoandikwa REGROOVABLE imewekewa mpira wa ziada kwa kazi hiyo. Ya gari dogo haina huo mpira, unachongwa mwili wenyewe.

Tulipokataa akatoa seti nyingine, na hii ndiyo iliyonitisha zaidi kwa sababu haina kitu cha kughushi. "Hizi laini, bosi, zinashika lami kuliko zote." Akabonyeza kwa kucha, kucha ikazama. Ubavuni pameandikwa STUDLESS. Ni tairi za barafu za Japani, jamii ya Blizzak na iceGUARD, zinazokuja na magari ya mtumba. Mpira wake umetengenezwa ubaki laini kwenye baridi kali. Kwenye lami ya Dar saa nane mchana unalika upesi, na kwenye kona gari linayumba kwa sababu kashata zake (vile vipande vya mpira vinavyogusa lami) zimejaa michirizi myembamba na zinapinda. Ukiona neno hilo, au alama ya mlima wenye kitone cha theluji, ondoka.

Kwa Subaru hata seti mchanganyiko tu ni hasara. Gari linavuta magurudumu yote manne, na Subaru wenyewe wanataka tofauti ya mzingo kati ya tairi isizidi robo inchi, kama milimita 6. Ukifunga mbili mpya mbele na mbili zilizolika nyuma, difu ya kati (gia inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma) inafanya kazi muda wote hata ukiwa umenyoosha Barabara ya Morogoro. Anayekwambia "nunua mbili kwanza" anakuuzia na gharama ya difu.

Kuhusu ile 91W: 91 ni uzito ambao tairi moja inaweza kubeba, kilo 615, na W ni spidi ya juu inayohimili, kilomita 270 kwa saa. Ndiyo, hakuna anayekimbia 270 Mwenge, ila herufi hiyo inaonyesha pia tairi inavyohimili joto. Kama mfuko umebana, mimi ningechukua tairi mpya ya kawaida yenye herufi V, ya spidi ndogo kuliko W, na namba ileile ya uzito, niendeshe kwa adabu, kuliko "spoti" ya miaka minane. Mvua za masika zikianza, mpira mgumu hauchagui jina la kampuni.

Msitume pesa kabla ya kuona tairi zikiwa wazi, bila rimu. Dai risiti ya EFD (ya mashine ya kodi) iandikwe saizi, na piga picha namba za DOT mbele ya muuzaji, mkweli hatakasirika. Mkishapigwa, pelekeni taarifa polisi, TBS (Shirika la Viwango) na Tume ya Ushindani, na msifute meseji wala muamala.

Laki mbili hazijarudi. Jamaa amenifungia namba, akaunti ameibadilisha jina, lakini picha ni zilezile: tairi nne zimeegemezwa ukutani, chini sakafu ya vigae vya bluu, na maelezo yanaishia na "mzigo wa mwisho, wahi". Mkiziona, zipigeni picha mnitumie, nazipeleka kwa mpelelezi.