Vipande vya kuungia blanketi la viraka: ununue vipi hapa Dar

Wengi wanaoanza kuunga blanketi la viraka hununua vitambaa vingi kuliko watakavyoweza kushona. Nimeshakuta viroba vizima nyuma ya mlango, vimeshika ukungu kabla mkasi haujavigusa. Hewa yetu ya pwani haina huruma na nguo iliyofungiwa. Kwa hiyo kabla ya kusema wapi pa kununua, tupige hesabu.

Blanketi la sentimita 150 kwa 200, la miraba ya sentimita 10, linataka miraba 300. Kila mraba unaukata sentimita 11 na kidogo, ili robo inchi ya kila upande iingie kwenye mshono. Jumla haifiki mita 4 za mraba, na kwa pamba ya uzito wa kitenge hiyo ni kama nusu kilo tu. Ukiongeza vitakavyopotea kwenye kona na michirizi, kilo moja hadi moja na nusu inatosha. Ukishona miraba 6 kila jioni baada ya chakula, una kazi ya jioni 50. Vya mwaka mzima havina haja ya kununuliwa siku moja.

Mpangilio wangu wa vyanzo vya vitambaa unaangalia mambo mawili: vitambaa vilingane uzito, na uweze kuvipata kidogo kidogo. Rangi naiweka ya tatu. Rangi zisizopatana huzoeana zikishaunganishwa, lakini kitambaa chepesi kikishonwa na kizito kitachanika pale pale kwenye mshono.

Namba moja: mabaki ya fundi wa mtaani kwako. Hapa hapana mpinzani. Fundi anayeshona magauni na sare za harusi za vitenge anamaliza siku na lundo chini ya cherehani. Mwingine atakupa bure, mwingine ataomba hela ya soda, mwingine ana mtu wake anayechukua vya kujazia mito, na huyo itabidi upatane naye bei. Nenda jioni, msalimie vizuri, useme unachotaka:

"Shikamoo, fundi. Naomba vipande vya vitenge tu, vya satini usiniwekee."

"Marahaba, mwanangu. Inama uchague mwenyewe."

Inama kweli uchague. Chukua vinavyozidi kiganja chako pamoja na vidole. Vile vya mviringo vinavyotoka kwenye shingo na makwapa vinapendeza kwa macho, ila vikishanyooshwa haubaki mraba hata mmoja. Kitenge cha waksi halisi kina sifa nyingine nzuri: rangi imeingia pande zote mbili, hivyo huhangaiki na upande wa ndani na wa nje.

Si kila kitenge ni pamba, na siku hizi vya poliesta ni vingi. Kwa mkono utadanganyika, kwa moto hapana. Chomoa nyuzi chache, zishike kwa kibano, uziwashe nje juu ya sahani. Pamba inaungua kama karatasi na kuacha jivu laini la kijivu. Poliesta inajikunja, inayeyuka, inaacha punje ngumu. Kipimo hiki nakisisitiza kwa sababu mshono wa viraka unategemea pasi, na pasi yenye moto wa pamba inaiharibu poliesta. Niliwahi kuweka kipande kimoja cha namna hiyo katikati ya safu iliyokwisha kuungwa, ikabidi nifumue miraba minane.

Namba mbili: doti ya kanga. Ukishapata mabaki ya rangi nyingi, utahitaji kitu kimoja cha kuyatuliza. Nenda Mtaa wa Uhuru, Kariakoo, uchague doti yenye mji (sehemu ya katikati) uliotulia. Kila kanga ina takriban sentimita 150 kwa 110, na ziko mbili. Mpya huwa ngumu kwa wanga, basi ifue kwanza ndipo utajua ni nyepesi au nzito. Jina, yaani maneno yaliyoandikwa kwenye kanga, usilikate katikati ya neno. Litoe zima na uliweke kama mstari mmoja katikati ya blanketi. Kanga inastahili heshima katika kazi hii, kwani simulizi ya pwani inasema yenyewe ilianza kwa kuungwa: karne ya 19 wanawake walinunua leso za kuchapwa, wakashona sita pamoja, tatu juu na tatu chini, wakapata nguo moja pana.

Namba tatu: mashati ya kiume ya mtumba. Karume, Manzese au Tandika. Soma lebo, itaje pamba asilimia 100, kisha linyanyue kwenye mwanga utazame mgongo na viwiko kama havijachakaa. Mistari na drafti zake zinapatana sana na vitenge. Kola na mikanda ya mikono achana nayo.

Namba nne: kitenge kipya. Kwa kawaida utauziwa pisi ya yadi 6, nyingi mno kwa viraka. Nunua kwa ajili ya bitana ya chini tu.

Ya mwisho: kiroba cha vipande vilivyochanganywa. Bei yake inavutia, na ndani kuna satini, lesi, tetroni yenye poliesta na matambara ya suti. Sikipendekezi kwa yeyote.

Chochote utakachonunua, kifue kabla ya kukata. Pamba hunywea ikifuliwa, na rangi nyekundu au damu ya mzee inaweza kuchuja. Lowesha kipande, kikandamize kwenye kitambaa cheupe, na kama kimeacha doa endelea kukifua peke yake mpaka maji yatoke safi. Katikati ya blanketi usiweke sufi, maana ukifua hujikusanya mabonge. Kwa joto letu shuka kuukuu linatosha, hata kwa usiku wa kipupwe.

Kuhusu wakati: mabaki ya vitenge ni mengi wiki za kabla ya Idi na mwezi wote wa Desemba, mafundi wanapokesha. Januari subiri kidogo. Mafundi wengi wako kwenye sare za shule, na lundo chini ya cherehani ni tetroni tupu.