Dawati la Jinsia na Watoto kituoni: uzoefu wangu wa kulianzisha na kulitumia

Kama unajiuliza iwapo dawati hili, yaani sehemu ya kituo cha polisi inayopokea kesi za ukatili wa kijinsia na wa watoto, lina faida kituoni, jibu langu ni ndiyo, tena kubwa. Lakini kibao cha mlangoni hakimlindi mtoto. Nimefanya kazi na madawati haya ya Polisi Tanzania nikiwa upande wa ustawi wa jamii, mengine tangu yanafunguliwa, na zuri nalitambua hata kabla sijakaa kitini.

Naanzia kaunta, maana ndiko mengi yanakoharibikia. Mama anaingia na mtoto, anakuta foleni ya watu walioibiwa simu na ndugu waliokuja kumwekea mtu dhamana. Askari anauliza kwa sauti, "Shida nini?" Mama akijibu tu, jambo limeshafika mtaani. Dawati zuri lina mlango wake, upande wa pili wa jengo. Pasipowezekana, askari wa kaunta azoezwe jambo moja tu: akiona mtu kaja na mtoto, aseme "Karibuni, twendeni huku," asiulize kingine. RB, yaani kumbukumbu ya taarifa kwenye kitabu cha polisi, itafunguliwa ndani. Utaratibu huu hauhitaji hata shilingi moja ya bajeti, na bado ndio wa kwanza kusahaulika zamu zinapobadilika.

Chumba chenyewe si lazima kiwe kikubwa. Meza fupi, viti viwili vya kimo cha mtoto, mkeka, karatasi na penseli za rangi, maji ya kunywa, khanga mbili tatu na nguo safi za kubadilisha, pamoja na kabati la chuma lenye kufuli kwa ajili ya majalada. Wanasesere wasizidi watatu. Wakijaa, mtoto anacheza na kusimulia hasimulii. Sauti ipimwe kabla ya kuhamia: mmoja asome gazeti ndani kwa sauti ya kawaida, mwingine asimame koridoni. Akisikia maneno, chumba hakifai, hata kama rangi yake inapendeza. Askari wa dawati avae kiraia.

Kwenye mahojiano ndipo ninapolalamika zaidi. Mtoto anasimulia kwa askari wa kaunta, anarudia kwa dawati, kwa mpelelezi, kwa daktari, kisha kwangu. Kila akirudia, neno moja linabadilika, na wakili wa utetezi anazikusanya tofauti hizo zote. Ninachopendekeza: mhojaji awe mmoja, afisa ustawi awepo tangu mwanzo, na maelezo yaandikwe kwa maneno ya mtoto mwenyewe. Akisema "alinifanyia tabia mbaya," liandikwe hivyo hivyo, kisha aulizwe, "Tabia mbaya ni nini? Nieleze." Ukimuuliza "Ni baba mdogo aliyekushika?" umeshamtilia jibu mdomoni. Jina la mtuhumiwa na mahali liandikwe siku hiyo hiyo, kwa sababu kuchelewa kumtaja mtu ambaye mtoto anamfahamu hutikisa kesi.

PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali kupimwa na kutibiwa, hutolewa bure. Ukiombwa pesa, nenda moja kwa moja kwa mkuu wa kituo. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72 baada ya tukio, na mapema zaidi ni bora zaidi. Humezwa kwa siku 28. Kwa hiyo dawati linalomwambia mama "rudini Jumatatu, mwenye fomu hayupo" limemnyima mtoto tiba. Mtoto anayevuja damu awahishwe hospitali, fomu itamfuata. Asiogeshwe kabla ya kupimwa. Nguo alizokuwa amevaa ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, kila moja na wake. Ndani ya plastiki unyevu unabaki, ukungu unaota na ushahidi unaoza. Jina la daktari aliyejaza PF3 liandikwe lisomeke, na namba yake ya simu ibaki kwenye jalada. Madaktari wanahamishwa, na mahakama inaweza kumhitaji baada ya mwaka.

Kuna kitu kingine kidogo kinachoangusha kesi nzito: umri. Shtaka la kubaka mtoto wa chini ya miaka 18 linadai uthibitisho wa umri huo, na kuandikwa kwenye hati ya mashtaka hakutoshi. Siku ya kwanza kabisa dawati liombe cheti cha kuzaliwa au kadi ya kliniki. Visipopatikana, mzazi aandike maelezo yanayotaja tarehe ya kuzaliwa. Mtoto wa miaka 14 au chini anaweza kutoa ushahidi bila kiapo, ila lazima kwanza aahidi mahakamani kwamba atasema kweli na hatasema uongo. Mtoto asikutane na sharti hilo kizimbani kwa mara ya kwanza. Mwendesha mashtaka amweleze mapema, kwa lugha anayoielewa.

Hapa sina subira: dawati lisipatanishe familia kwenye ubakaji. Ugomvi wa matunzo tuleteeni sisi ustawi, tutakaa na wazazi. Lakini pale mjomba anapofika na bahasha, na mwenyekiti wa mtaa yuko pembeni, wakitaka "tuyamalize nyumbani," kazi ya dawati ni kuandika jina la kila aliyekuja na kuendelea na jalada. Mtoto asiye na usalama nyumbani hapaswi kulala kituoni. Orodha ya familia za kuaminika, zile za kumpokea mtoto kwa muda, iwe mezani kabla ya kuhitajika, siyo kuanza kutafutwa saa nne usiku.

Wanaokamatwa nao wanasahaulika. Nao ni watoto. Aliye chini ya miaka 10 hawajibiki kijinai kabisa, na yeyote wa chini ya 18 hatakiwi kuchanganywa na mahabusu watu wazima. Kinachotokea ni askari kumtazama kimo na kuandika "18." Dawati lipite mahabusu kila asubuhi, liwaulize vijana wamezaliwa lini na wanasoma darasa la ngapi.

Kuhusu watu, askari wanne ndiyo idadi ya chini, mmoja wao mwanaume, kwani wapo wavulana wasioweza kuongea na mwanamke. Wakiwa wawili, dawati linafungwa jioni, wakati kwa sehemu kubwa watoto huletwa usiku na mwisho wa wiki. Akihamishwa mmoja, akabidhi majalada kwa maandishi, moja moja, yakiwa na tarehe ya mahakama inayofuata.

Namba 116 ya msaada kwa watoto ni ya bure, na mara nyingi bango lake naliona limebandikwa ndani ya ofisi, juu ya kabati. Libandikwe nje, kwenye ukuta wa barabarani, kwa kimo ambacho mtoto wa darasa la pili anaweza kulisoma akipita.