Siku tisa katika chumba cha wagonjwa mahututi, Kisumu

Baba yangu alilazwa siku tisa katika chumba cha wagonjwa mahututi cha hospitali moja mjini Kisumu, kisha siku nne katika wodi ya uangalizi wa karibu, baada ya nimonia kumlemea nyumbani kwetu Luanda, magharibi mwa Kenya. Ninaandika kwa ajili ya familia zinazohangaika kutafuta kitanda kama tulivyohangaika sisi.

Wauguzi wa pale ninawasifu bila kusita. Kila mgonjwa aliyekuwa kwenye mashine ya kupumulia alikuwa na muuguzi wake, usiku na mchana, na muuguzi huyo hakubanduka kitandani kabla ya mwenzake wa zamu kufika. Kichwa cha kitanda kiliinuliwa kati ya nyuzi 30 na 45 ili mate na chakula cha mpirani visiingie mapafuni, na kila baada ya saa 2 mzee aligeuzwa asije akapata vidonda vya mgongoni. Alikuwa amelazwa kwa dawa za usingizi, hafumbui jicho wala hajibu, lakini jioni moja muuguzi alimwinamia, akamlowesha midomo kwa shashi yenye maji, akamwambia, "Mzee, sasa nakulaza upande wa kushoto, usiogope." Hakujua kwamba nilikuwa nimesimama mlangoni. Usiku huo ndipo nilipopata usingizi kwa mara ya kwanza.

Katika wodi ya uangalizi wa karibu muuguzi mmoja alitazama wagonjwa wawili, na huduma ilibaki nzuri.

Mapokezi ndiko kulikotuumiza. Tulidaiwa amana wakati baba angali ndani ya ambulensi, akivuta oksijeni ya mtungi uliokaribia kwisha, ilhali Kifungu cha 43 cha Katiba ya mwaka 2010 kinasema wazi kwamba mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Isitoshe, hakuna aliyetueleza hali ya mgonjwa mpaka tumfuate daktari kwenye ngazi. Kwamba dawa yake ya nimonia ilikuwa imebadilishwa, tulijua kwa kusoma risiti ya famasia. Mama, mwenye miaka zaidi ya 70, alikesha juu ya leso sakafuni kwa kukosa hata benchi.

Sasa baba anatembea hadi zizini, akipumzika mara mbili njiani. Atakayempeleka mgonjwa wake huko aulize siku ya kwanza kabisa daktari huzungumza na familia saa ngapi, kwa kuwa sisi tulianza kuuliza siku ya tano.